Amplifaya Kwanza

Mume wangu Ogada ni mtu wa kelele asiyependa kelele. Babu yake alikuja Nakuru na reli, baba yake akazeekea karakanani, yeye akaikataa spana na kushika maikrofoni. Harusi, matanga, krusedi za injili, kote utamkuta nyuma ya mitambo, uso umekunjamana kama anayeonja mboga iliyozidi chumvi. Mimi humtania kwamba alinioa, Mbukusu mwenye sauti kubwa, apate kitu cha kupunguza nyumbani.

Januari ya 2008, vurugu za uchaguzi zilipopamba moto, watu walivunja ukumbi wa kanisa letu wakaondoka na mixa, mtambo wa kuchanganyia sauti. Ogada akabaki na laptop yake na kisanduku cha chuma alichoazimwa na Mayur, mwenye duka la vyombo vya muziki mjini. Maikrofoni zilichomekwa kwenye kisanduku, kisanduku kikaipa laptop sauti, na ndani ya laptop kulikuwa na programu ya kurekodi. Ilitengenezewa studio, lakini Ogada aliifundisha kazi ya uwanjani: ichanganye sauti papo hapo, izirudishe kwenye kisanduku, ziende kwa amplifaya na spika. Mimi niliona maajabu. Yeye aliona kasoro moja tu, na hiyo ilimnyima usingizi.

Kisanduku kile kilikula umeme wa laptop. Laptop ikizima ghafla huku amplifaya zinawaka, spika hupiga mlio mmoja: paa! Siku za kawaida watu wangeziba masikio na kucheka. Lakini siku walipokuwa wakiijaribu mitambo mlangoni pa duka la Mayur, waya uliteleza, spika zikalia, na mtaa mzima ukateremsha milango ya chuma. Mlinzi wa duka jirani alilala kifudifudi barabarani. Mama mmoja alikimbia akaacha viatu.

"Ogada, hii kitu ni kama bunduki," Mayur alisema, mwenyewe amechutama nyuma ya kaunta. "Wewe kila siku zima amp kwanza. Amp kwanza!"

Februari aliitwa kuweka sauti kwenye maombi ya amani, katika kambi ya watu waliofukuzwa makwao. Nilimsihi akatae. Wale watu walikuwa wamekimbia moto na mapanga kutoka Molo na Keringet, wamerundikana ndani ya ua wenye lango moja, na watoto tele. Mlio mmoja tu na wangekanyagana. Na binti yetu Valarie angeimba na kwaya, mstari wa mbele. Lingine sikulitamka, kwa maana sote wawili tulilijua: mwezi ule mtu aliweza kuuawa kwa sababu ya jina lake, na la mume wangu lilikuwa Ogada, jina la kabila ambalo wengi kambini walilihesabu adui.

"Mama Valarie," akaniambia, "nikikataa wataita mtu hajui amp kwanza."

Nilimkasirikia kwa kuwa alisema kweli.

Kiongozi wa kwaya, Wariara, alikuwa mmoja wa waliochomewa nyumba, na ulimi wake haukuwa umeungua hata kidogo. Walipoanza kujaribu sauti aliinua mkono. "Fundi, nasikia sauti yangu ikinifuata nyuma kama mtu ananiiga. Siwezi imba hivyo."

Ogada alimweleza kwamba laptop huhitaji nafasi kidogo ya kufikiri. Akiipunguza nafasi hiyo, sauti itawahi, lakini laptop itafanya kazi kwa pupa na kuchoka.

"Basi ichoke," Wariara akasema. "Hata mimi nimechoka."

 Ogada akaipunguza nafasi ile. Sauti ikaja sawia na mdomo, na feni ya laptop ikaanza kunguruma.

Nilikuwa nimeketi kando yake, nyuma kabisa ya watu. Kwaya ilikuwa imefika wimbo wa tatu nilipoona uso wake umebadilika. Jenereta ilikuwa ikiyumbisha umeme na chaja ilikuwa imeungua. Betri kuukuu ya laptop ilikuwa ikiisha nikiitazama.

"Ng'oa waya wa kisanduku basi," nikanong'ona.

"Ukiung'oa pia spika zinalia."

"Sasa?"

"Amp kwanza."

Amplifaya zilikuwa kule mbele, kando ya jukwaa. Kupiga kelele hakuwezekani. Kukimbia ndiyo kabisa, maana mwanamume mmoja akikimbia, kambi nzima ingekimbia naye. Akainuka. "Usiguse kitu," akaniambia, akaanza kutembea.

Haraka haraka haina baraka, ndivyo tulivyofunzwa, lakini sijui aliyeitunga methali ile kama aliwahi kutazama betri ikifa. Ogada alitembea kama mtu anayekwenda kuomba chumvi kwa jirani. Samahani, mathe. Samahani, mzee. Nami natazama namba za betri kwenye kioo, namtazama Valarie na utepe wake mweupe, natazama lile lango moja. 

Katikati ya umati, mwanamume mwenye bandeji kichwani akamshika mkono. Maneno yao aliniambia baadaye.

"Boss, unaenda wapi?"

"Kwa mitambo."

"Hatukujui. Unaitwa nani?"

Ogada hakujibu. Watu wawili watatu wakasimama. Nikauma leso nisipige mayowe.

Hapo Wariara aliacha kuimba katikati ya ubeti. "Huyo ni fundi wangu," akasema kwenye maikrofoni. "Mwachilie anitengenezee sauti. Na nyinyi, ketini chini!"

Mkono ukaachia. Nilimwona Ogada akifika, akiinama, na taa nyekundu za amplifaya zikazimika. Spika zikanyamaza. Kufumba na kufumbua, kioo cha laptop mbele yangu kikawa cheusi.

Hakukuwa na mlio. Lakini kimya nacho kilitisha. Mtoto akaanza kulia, watu wakajiinua nusu, wakageukia lango. Ndipo nikaisikia sauti ya Valarie, nyembamba, bila maikrofoni, ikiendelea na ubeti pale ulipoachwa. Wariara akaidaka, kisha kwaya nzima. Watu wakaketi tena, wakasogea mbele wapate kusikia.

Jioni, nyumbani, nilimmiminia chai. Nilikuwa nimejizuia njia nzima, nikashindwa.

"Baba Valarie, kama Wariara hangeongea, ungemwambia yule mtu unaitwa nani?"

"Ogada."

"Wangekuua!"

"Valarie alikuwa pale ananiangalia," akasema. "Ningesema jina la nani?"

Chai ilikuwa ikimmwagikia magotini kutoka kwenye kikombe chake. Nikakichukua, nikamshikia akanywa.