Jibini la Sahani ya Nne

Kwa miaka mitatu nilisifiwa nyumbani kwa mama mkwe wangu hadi nikachoka. Niliolewa Nkubu nikitoka Ishiara, kwenye jua na mbuzi, nikaingia katika boma la migomba, kahawa na ng'ombe wawili wa maziwa wa gredi walioheshimiwa kuliko watoto. Kila nilichopika kilikuwa kitamu. Ugali ulioungua chini, mtamu. Chai niliyosahau kutia majani, tamu sana, asante mgeni wetu. Binti zake wakija kutoka mjini na kuingia jikoni, hao ndio waliokaripiwa. "Hii ni chapati ama ni kiatu?" aliwauliza, nao wakacheka na kumjibu, wakaendelea kusukuma unga. Mimi nilibaki pembeni na sifa zangu, nikiwaonea wivu mpaka basi.

Kisha nikapatwa na wazimu wa jibini. Nililetewa na rafiki yangu tuliyesoma naye chuo cha ualimu. Alikuwa ameenda Uholanzi kwa masomo ya miaka miwili, akarudi Embu na mapenzi ya jibini yasiyotibika. Siku moja alinionyesha jikoni kwake jinsi ya kulitengeneza, akanipa vidonge vya kugandishia maziwa, nami nikarudi Nkubu nikiwa nimepagawa. Kila Jumamosi, siku ambayo sikuwa na darasa, nilichukua sufuria kubwa kuliko zote, nikagandisha maziwa, nikachuja kwa kitambaa, nikakandamiza kwa jiwe la kusagia. Lile jiwe lilikuwa la nyanya ya mume wangu. Hakuna aliyenikataza, kwa sababu mgeni hakatazwi.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuonja. Alilipokea jibini kwa mikono miwili, akatia mdomoni, akafumba macho. "Tamu sana," akasema. "Tamu kabisa, mgeni." Halafu akatoka nje kidogo kuangalia kuku. Ikawa hivyo kila mara: nikimpa jibini, kuku wanataka kuangaliwa. Mume wangu naye alisema ni tamu, ila tumbo lake halielewani na maziwa, jambo ambalo hakuwahi kulitaja tulipokuwa tukichumbiana kwenye vibanda vya chai. Aliyenipenda waziwazi ni mbwa. Mbwa huyo aliwabwekea hata wenye boma, lakini mimi alinifuata mpaka lango la shule. Alikuwa amenenepa, manyoya yanang'aa. Niliwaambia walimu wenzangu kwamba wanyama hutambua roho nzuri.

Baada ya Jumamosi za miaka miwili, sikujua kama jibini langu linalika. Hilo lilinikosesha raha kuliko ninavyoweza kueleza. Nilikuwa na shahada ya sifa bila mtihani. Kwa hiyo nilijiwekea nadhiri: nitalipeleka mbele ya watu wasiojua ni langu, na wakilikataa, basi. Nitarudisha jiwe mahali pake, sufuria ipike githeri, maziwa yaende kwenye gari la maziwa kama ya watu wote.

Rafiki yangu aliposikia alipiga makofi. Alikuwa akipanga jioni ya kuonja jibini nyumbani kwake Dallas, mtaa wa pale Embu ambao wakati huo ulikuwa na nyumba mpya na wapangaji wenye mishahara. Angenunua aina nne Nairobi, na langu litimize tano, bila jina. Wageni wangepewa karatasi, waipe kila moja alama, sifuri mpaka kumi. "Hapo utajua," akaniambia. Nikakosa usingizi wiki nzima kwa furaha na kwa woga.

Jibini nililomtengenezea lilikuwa tofauti kidogo. Mama mkwe alikuwa na vibuyu vyake vya maziwa ya mgando, na alivikosha kwa kijinga cha mti fulani wa kando ya mto. Anakiingiza kikiwa chekundu, anasugua ndani mpaka kibuyu kinanuka moshi mzuri. Makaa yaliyobaki aliyaweka kwenye mkebe nyuma ya jiko. Nilichota mkebeni kidogo, nikasaga, nikalipaka jibini pande zote likawa jeusi, nikalilaza chini ya kitanda kwa wiki sita. Sikumwambia mtu.

Nilipotangaza kwamba naenda Embu kwa rafiki yangu na nitalala huko, mama mkwe akasema twende wote. Hajawahi kuiona Dallas, na jina kama hilo, akasema, mtu hawezi kufa hivi hivi bila kuliona. Nikafunga jibini kwenye gazeti, nikaliweka chini kabisa ya kiondo, na juu yake nikapanga ndizi na maparachichi ya kupeleka kwa mwenye nyumba.

Wageni walikuwa kumi na wawili, na kila mmoja aliingia na kitu mkononi, kwa sababu hakuna anayekwenda kwa mtu mikono mitupu. Ndizi, boga, viazi vitamu. Mzee mmoja wa kanisa alileta jogoo. Kufikia saa kumi na moja na nusu, jikoni kulikuwa na ndizi za kulisha shule ya bweni na jogoo amefungwa kwenye mguu wa meza, akilalamika. Tena wote walikuwa wamekuja na njaa. Ukialikwa jioni kwetu, chakula cha mchana unakiruka kwa heshima ya mwenyeji. Mama mkwe hakuwa ameonja kitu tangu chai ya alfajiri.

Na pale mezani kulikuwa na sahani tano. Kila sahani ina vipande vidogo kama sukari ya mchemraba, na kila kipande kimechomwa kijiti cha meno.

Watu walitazama. Mzee wa kanisa akaombwa atuongoze, akabariki chakula hiki "na kile kitakachofuata," na sebule nzima ikaitikia amina kwa nguvu sana. Rafiki yangu peke yake ndiye aliyejua hakuna kitakachofuata.

Sahani ya kwanza ilikuwa ya manjano, laini ya kawaida, na ilipita bila kumuudhi mtu. Ya pili ilikuwa ya maziwa ya mbuzi. Nilipoiweka ulimini nilimsikia beberu wa baba yangu, nikarudi Ishiara mzima mzima, machozi yakanilenga. Ya tatu ilikuwa na ngozi nyeupe na ndani inatiririka. Daktari wa mifugo, aliyekuwa ameketi karibu na runinga, aliibonyeza kwa kidole, akainusa kwa muda. "Hii ingekuwa kiwele," akamnong'oneza jirani yake, "ningeidunga sindano." Ya nne ilikuwa na langu, limezungukwa na mstari mweusi. Ya tano ilikuwa na mishipa ya buluu. Mama mkwe aliiangalia hiyo, kisha akamwangalia rafiki yangu kwa huruma ya kweli kweli, akaniinamia sikioni.

"Maskini," akasema. "Imeoza na hajui. Tusimwambie."

Wakati wa sahani ya nne nilikaa kwenye ukingo wa kochi nikiangalia mataya. Sijawahi kuwaangalia watu hivyo tangu nizaliwe. Huyu anatafuna upande mmoja, kwa nini? Yule ameshika tishu mdomoni, anajipangusa ama anatema? Daktari wa mifugo alikohoa, nikakaribia kuzirai. Nilitaka kucheka na nilitaka kukimbilia chooni, vyote kwa wakati mmoja. "Tamu," akasema mtu. "Tamu sana," wakaitikia wengine. Lakini hivyo ndivyo walivyoitikia pia ile ya kiwele.

Karatasi zikakusanywa. Rafiki yangu alisimama katikati ya sebule kusoma matokeo, nami nikamshika mama mkwe mkono bila kujua. Sahani ya kwanza, kumi kwa wote. Ya pili, kumi kwa wote. Ya tatu, kumi. Ya nne, kumi. Ya tano, kumi, isipokuwa mzee wa kanisa aliyeipa kumi na moja. Alipoulizwa, alisema hiyo ilihitaji kutiwa moyo.

"Lakini hamwezi kupenda zote sawa!" rafiki yangu akalia. "Si mseme tu moja ni mbaya!"

Jogoo peke yake ndiye aliyejibu.

"Madam," daktari wa mifugo akasema kwa upole, "sisi hatuwezi kuingia kwa nyumba ya mtu tuanze kukosoa sahani zake. Hiyo hata kama ni Uholanzi, haiwezekani."

Wote wakatikisa kichwa kukubali. Nikaona miaka yangu miwili ikiyeyuka. Nilikuwa nimesafiri kutoka Nkubu mpaka Embu kutafuta ukweli, na nimepewa kumi kwa kumi. Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka rafiki yangu akaambukizwa, na wageni, ambao hawakujua kinachochekesha, wakacheka kwa adabu.

Walipomaliza kucheka waliendelea kukaa. Walikunja mikono, wakaangalia mlango wa jikoni. Baada ya robo saa rafiki yangu akaelewa wanangoja nini, akashika kichwa. Tukaingia jikoni wanawake wanne kwa mpigo, ugali ukasongwa, mayai yakakaangwa, sukuma wiki ikakatwa, viazi vitamu vya wageni vikawarudia wenyewe vikiwa vimechemka. Walikula kwa shangwe ambayo hakuna jibini lililoipata. Saa mbili kasoro waliaga, wakishukuru kwa kila kitu, jibini likiwa la kwanza.

Tukabaki watatu kufagia. Rafiki yangu aliinua kitambaa cha kufuma kilichofunika mgongo wa kochi ili akikung'ute, na vipande vitatu vyenye mishipa ya buluu vikaanguka sakafuni.

Tukatazamana. Nikainua kitambaa cha pili: ile ya kiwele, imenasa nyuzi. Tukapiga magoti, tukaanza msako. Nyuma ya runinga, mahali alipokaa daktari wa mifugo, tulipata vinne. Kwenye mikebe ya maua kulikuwa na shamba lililopandwa, vijiti vimesimama wima kwenye udongo. Mtu mmoja alikuwa ametia beberu wangu ndani ya kiatu cha mtoto wa rafiki yangu. Kila tulichokipata tulikitia kwenye sinia, kila aina na fungu lake, na rafiki yangu alikuwa akilia kwa kicheko, akisema hayo ndiyo matokeo, hayo sasa ndiyo matokeo. Mama mkwe alijishika kiuno, leso imemfunguka, hawezi kusimama.

Mimi nilikuwa nikitafuta mstari mweusi. Chini ya makochi, hakuna. Mauani, hakuna. Sahani yake pale mezani ilikuwa tupu, imebaki vumbi la makaa.

"Labda jogoo," nikasema.

"Jogoo amefungwa jikoni," rafiki yangu akanijibu.

Tulihamia kwenye sinki, mimi nikiosha, mama mkwe akipangusa, rafiki yangu akipanga vyombo kabatini. Mama mkwe bado alikuwa akicheka peke yake, anatulia, anaanza tena. Mwishowe akaweka kitambaa chini.

"Mgeni," akasema, "mimi nitakuambia kitu na usikasirike. Hiyo kitu yako ya Jumamosi, mimi sijawahi meza. Hata siku moja. Nilikuwa napatia mbwa."

Nikageuka, povu linanidondoka. "Miaka miwili, Mama?"

"Miaka miwili. Si umeona vile imenona?" Akajipangusa macho. "Hiyo yako ni kama kutafuna sabuni, mwari wakwa, binti yangu. Nilikuwa nakuonea huruma. Lakini hii ya leo, ile ya sahani ya nne, ile nyeusi pembeni. Hiyo nilikula saba. Nilichukua hata ya huyu mzee wa kanisa, hakuona. Inanuka kibuyu ya mama yangu. Hiyo nayo, kesho kabla twende, uulize mwenye aliitengeneza akufundishe."

Rafiki yangu alijificha uso ndani ya kabati. Mabega yake yalikuwa yakiruka. Nilikuwa nimetukanwa na kusifiwa kwa pumzi moja, na zote mbili zilikuwa za kweli.

"Mama," nikasema, "hiyo nayo ni yangu."

Akanitazama. Akaitazama ile sahani tupu ya nne, akapitisha kidole kwenye vumbi jeusi, akakinusa.

"Makaa ulitoa wapi?"

"Kwa mkebe wako."

"Kumbe ni wewe!" Sauti yake ilimwamsha jogoo. "Mimi naulizana huko nyumbani nani anamaliza makaa yangu, nagombana na watoto wa watu, kumbe mwizi nakaa na yeye! Unachukua kitu ya mtu bila kuuliza? Hivyo ndivyo ulifunzwa Ishiara? Na hiyo chumvi yote uliweka ya nini, unataka kutukausha? Na ukipaka makaa hupaki ikiwa baridi, unapaka ikiwa na moto!"

Aliendelea hivyo, hakupumua. Nilisimama pale mikono ndani ya maji, nikipokea kila neno, na moyo wangu ulikuwa umejaa furaha mpaka nikaona aibu. Akachukua sahani niliyokuwa nimetoka kuiosha, akaiinua kwenye taa, akaigeuza, akanirudishia.

"Hii ni kuosha ama ni kulowesha?" akaniuliza.

Nikacheka, nikamjibu, nikairudia.