Harusi ya Mlalo, Simu ya Wima

Kazi yangu hapa Garissa ni kupiga na kuhariri video za harusi, upande wa wanawake tu. Kwetu simu hukusanywa mlangoni kabla ya ngoma kuanza, kwa sababu ndani vichwa viko wazi na picha hizo si za macho ya mwanamume wa nje. Kamera inayoingia ni yangu peke yake. Wanaume wanaohariri video mjini ni wengi, na baadhi yao, nakubali kwa shingo upande, ni hodari kuliko mimi. Lakini mdogo wangu alipofariki sikuwa na wa kumpa kazi ya kuhariri video zake. Harusini kwake alicheza bila mtandio, nywele hadi kiunoni. Ilibidi niishike mwenyewe.

Alikuwa ameolewa Hulugho. Uchungu ulimzidi, akafa njiani akiletwa hospitali huku kwetu, mtoto akiwa bado tumboni. Tulizika. Wageni wa msiba walipopungua, mama alikuja chumbani kwangu na simu yake.

"Hooyo," aliniita, yaani mama, maana kwetu mama humwita mwanawe vile vile anavyoitwa naye, "niunganishie mwanangu awe mahali pamoja. Sitaki kumtafuta-tafuta humu ndani. Nataka nikibonyeza, nimwone."

Nilikuwa na vipande viwili tu. Cha kwanza nilikipiga mimi, cha mlalo, kipana kama mkeka: bibi harusi ameketi mwisho huu wa kochi akihema baada ya kucheza, mama mwisho ule, wanatazamana na kucheka. Cha pili alikipiga mdogo wangu mwenyewe kwa simu, akiwa kwake Hulugho, cha wima, akimlalamikia mama kwamba mbuzi wake ameingia jikoni na kula mikate ya anjera ya asubuhi. Anacheka hadi simu inatikisika.

Asiyeijua kazi hii hudhani video ni video. Ukitia ya wima ndani ya fremu ya mlalo, programu inaacha weusi pande zote mbili. Nilimwonyesha mama. Alitazama kidogo, akageuza uso.

"Mbona umembana hivyo? Si tumetoka kumlaza mahali pembamba juzi tu?"

Nikatumia ujanja wetu wa siku zote. Unachukua kipande kile kile, unakipanua, unakitia ukungu na kukiweka nyuma, weusi unatoweka. Wateja hupenda. Mama akauliza yule wa nyuma ni nani. Nikamwambia ni yeye huyo huyo.

"Basi huyo hana uso," akasema.

Nilikasirika. Mungu anisamehe, niliikasirikia ile programu kana kwamba ndiyo iliyomuua.

Ikabaki njia moja, kuifanya kazi yote iwe ya wima, kama mama anavyoishika simu yake. Kipande cha mbuzi kikaenea sawasawa. Cha harusi ndicho kilichogoma. Fremu ya wima ni nyembamba, kochi zima haliingii. Nikivuta huku, mama yumo na binti hayumo. Nikivuta kule, binti yumo na mama ametoka. Nikipunguza ili waingie wote wawili, weusi unarudi juu na chini, na nyuso zinakuwa kama punje za mtama. Nilivuta na kurudisha, nikijua fika kwamba sina picha nyingine ya wawili hao pamoja, mpaka mama akaelewa ninachohangaika nacho.

"Nitoe mimi," akasema.

"Hooyo, nitakata mara mbili. Kwanza wewe, halafu yeye."

"Nitoe. Mimi niko hapa, nikitaka kujiona nina kioo. Yeye nitamwona wapi?"

Basi nikaisogeza picha. Mama alikaa kando yangu akijitazama akitoka kwenye fremu, bega kwanza, kisha shavu, kisha macho. Moyo uliniuma kama vile ni yeye ninayempeleka makaburini. Akabaki mdogo wangu peke yake mwishoni mwa kochi, mzuri, nywele zimemwagika, uso ameuelekeza pembeni, anacheka.

Mama aliichukua simu, akaitazama video hadi mwisho, akairudia.

"Sasa anacheka na nani, hooyo?" akaniuliza.