Machine ya Wiski na Bukwe Wangu

Municheke tu, nimezoea. Tangu ile siku mi siko tena barman pa cercle, kilabu ya bakubwa ba mine ya shaba, hapa Lubumbashi, na kosa haiko ya machine.

Directeur wa mine alikuwa ameleta machine ya wiski kutoka Ulaya. Unaweka glasi chini yake, unakanyaga pedale iliyofichwa chini ya comptoir, meza ya baa, inamwanga wiski kipimo kimoja, inasimama. Hiyo pedale Directeur hakuijua, ni mi tu nilionyeshwa. Siku ya kuionyesha kwa bageni, nilivaa abacost mupya, ile koti ya bila kravati. Banamuke ba animation, ba kusifu chama, bakaingia na kuimba, na mbele yao bukwe wangu, mama wa muke wangu! Kwetu muntu na mama wa muke wake banaitana bukwe, na habaonanake uso kwa uso, ni haya kubwa. Nikachutama nyuma ya comptoir.

"Barman iko wapi?" Directeur akauliza. Akaweka glasi yeye mwenyewe. Nikaogopa Directeur atapata haya mbele ya bageni, nikafinya pedale na mukono. Wiski ikashuka. Bantu bakapiga makofi.

"Munaona, ba citoyens? Inatumika yenyewe! Barman ni ya nini tena?"

Nilitaka kulia. Kusema ni mimi, lazima nisimame, na kusimama siwezi. Nikafinya tena, na tena, najifukuza kazi na mukono yangu mwenyewe.

Kisha mama mumoja akainama juu ya comptoir, aone machine inafanya namna gani. Macho yetu yakakutana. Akajifunika uso na kikwembe, akalia:

"Yo mama! Muntu iko humu chini, na ni bukwe wangu!"