Stendi ya Dishi na Maji ya Udhu

Mimi ni mwoga, na siku hizi sioni haya kulisema. Naogopa radi, naogopa mbwa, na tangu mdogo wangu aende Uarabuni kufanya kazi za ndani, naogopa simu isiyolia kuliko inayolia.

Bosi wake alimshikia simu na kusoma kila ujumbe. Ijumaa tu, wenye nyumba wakilala baada ya swala, mdogo wangu alikuwa akiichukua kwa siri na kumpigia mama kwa intaneti. Mama anakaa Namakwekwe, Mbale, na mtandao wa pale huja na kuondoka unavyotaka wenyewe. Ijumaa moja mdogo wangu alinong'ona, "Mama, wananihamisha. Wananipeleka kwa watu wengine, mji unaitwa..." Simu ikakatika. Mama alinipigia Jinja akilia, hajui mwanawe anapelekwa wapi. Mtu akipotea kule na hata mji wake hamuujui, mtaanza kumtafuta wapi?

Tumaini letu lilikuwa moja: apige tena Ijumaa ijayo kabla hajahamishwa, na safari hii mtandao usikatike. Pale Walukuba, Jinja, nina duka la kuchapisha karatasi, na nina dishi la intaneti ya setilaiti, lile dogo la kubeba begani. Siku za soko hulipeleka Buwenge, nikalibandika juu ya gari kwa stendi ya sumaku, kazi ikaenda. Magoti ya mama hayawezi safari, basi nililifunga kwenye begi pamoja na betri yake, nikafika nalo Mbale kabla ya Ijumaa iliyofuata.

Kikwazo kilikuwa mwenye nyumba wa mama. Ni askari magereza mstaafu kutoka kaskazini, mtu wa kanisa, hana ubaya, lakini akianza Kiswahili chake cha kambini mimi hutafuta pa kupitia. Kwetu sisi Kiswahili ni cha jikoni na cha madrasa. Hata hivyo nilikua nikiona wakubwa wakinyamaza ghafla wakikisikia kutoka kinywani mwa askari, kwa kuwa nchini kwetu kilikuwa lugha ya wenye bunduki, na uoga wao nikaurithi. Nilimsalimu, nikamweleza shida yangu.

"Hapana toboa nyumba yangu," alisema. "Ukuta hapana. Mabati hapana. Msumari moja tu, mama yako nahama."

"Sitatoboa, Afande."

"Mimi naangalia."

Basi ikabidi nitafute stendi isiyotoboa kitu. Sumaku ya Buwenge ilinikataa: mabati ya mama yana migongo na kutu, dishi likaanza kuteleza polepole kunijia nikiwa juu ya ngazi. Nikajaribu ile ya kubana kwenye mlingoti wa antena ya zamani. Yenyewe ilibana vizuri, ila mlingoti ulicheza kama jino la mtoto. Tena upande huo mfenesi wa jirani umefunika nusu ya mbingu, na dishi halitaki tawi mbele yake. Ikabaki stendi ya miguu minne, inayosimama kwa uzito tu. Niliiweka juu ya jukwaa la saruji lililokuwa la tangi la maji, mahali pekee uani penye mbingu wazi. Matofali Afande alikataa, eti yatachubua saruji yake. Nikalaza ubao juu ya miguu ya stendi, na juu ya ubao nikapanga jerikeni zilizojaa maji. Nikasukuma kwa mikono miwili, haikutikisika.

Mama alicheka. "Kumbe hata dishi lenu linatekewa maji."

Ijumaa asubuhi maji yalikatika mtaa mzima. Ni jambo la kawaida, sikulitia akilini. Nilikwenda barabarani kuchaji betri, nikakawia hadi swala ikapita. Niliporudi upepo ulikuwa unashuka kutoka mlima Wanale na mvua nyuma yake, na jerikeni zilikuwa zinabingirika uani, tupu.

"Mama! Maji yako wapi?"

"Nimetawadha. Na majirani wametawadha. Swala itangoja bomba?"

Hasira ilinipanda hadi nikasahau uoga. "Yale hayakuwa maji, mama! Ndiyo yaliyoshika dishi!"

"Maji ya udhu hayanyimwi mtu," alisema, lakini macho yake yalikuwa yameshafika kwenye jukwaa. Mguu mmoja wa stendi uliinuka, ukarudi, ukainuka tena. Nilichomeka betri, nikaanza kuomba kila dua niliyofundishwa. Taa ndogo ikawaka. Simu ikalia mkononi mwa mama.

Hakuipokea. Alinisukumia mimi, akajifunga leso kiunoni, akaparamia lile jukwaa kwa magoti yaleyale ambayo humliza akitaka kuinuka kwenye mkeka. Akaukalia ubao kwa uzito wake wote. Kisha akainama sana, kichwa karibu kiguse mapaja, asije akaliziba dishi mbingu. Mvua ikaanza.

"Mama yuko wapi?" mdogo wangu alinong'ona.

"Yupo. Sema mji."

"Nipe mama kwanza."

"Mama amekalia dishi! Sema mji!"

Akautaja. Nikamwambia aseme herufi moja moja, nami nikaziandika mkononi kwa kalamu, kisha jina la mtaa, kisha msikiti ulio karibu, kama alivyowasikia wakivitaja. Sauti yake haikukatika hata mara moja. Halafu akasema, "Wananiita," na safari hii alikata yeye mwenyewe.

Afande alikuwa ametokea barazani. "Mama! Shuka! Wewe naanguka!"

"Sijatoboa kitu, Afande," mama alijibu bila kuinua kichwa.

Nilingoja afoke. Alibaki pale barazani, kofia mkononi.

"Mama, ameutaja mji," nikamwambia. "Nimeuandika. Shuka sasa, umelowa."

"Na akipiga tena?"

Nilitaka kumwambia kwamba hatapiga tena, si leo, labda si Ijumaa ijayo, na kwamba sijui watu hao wapya watamruhusu simu au la. Badala yake nilificha mkono wenye maandishi kwapani yasifutike, nikapanda, nikakaa upande wa pili wa ubao.