Kolekteri Iliyong'aa Kupita Kiasi

Mume wangu alikuwa mtu wa tupa. Watu wa Likasi wa rika langu wakisikia hivyo wananielewa mara moja, lakini kwa wengine nieleze. Katika karakana za Kampuni ya migodi kule Panda, kipande cha chuma kikishatoka kwenye mashine kilipelekwa kwa mtu wa mwisho, naye alikifunga kwenye jiliwa akakilainisha kwa mkono, kwa tupa na msasa, mpaka kikae mahali pake bila kulazimishwa. Mtu huyo wa mwisho alikuwa yeye, kwa miaka ishirini na zaidi. Msimamizi aliyemfundisha kazi alikuwa na desturi ya kupitisha kitambaa cha hariri juu ya kazi ya kila fundi. Kitambaa kikinasa hata uzi mmoja, kazi ilirudi. Mume wangu alipenda kusema kwamba yake ilirudi mara moja tu, tena siku hiyo alikuwa na malaria.

Desturi hiyo aliihamishia nyumbani kwangu. Nilikuwa na kitambaa kimoja cha kichwa cha hariri, cha kuendea misa, na hicho ndicho alichokigeuza chombo chake cha kazi. Akitengeneza mchi, kitambaa. Akirekebisha ukingo wa meza, kitambaa. Nilimwambia siku moja kwamba hakunioa mimi, alioa kitambaa na mimi nikaja kama mzigo wake. Hakukataa.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini Kampuni ikaanza kufa, na haikufa kwa siku moja. Kwanza ilikatika posho, ule unga tuliozoea kupewa kila mwezi. Kisha mshahara ukachelewa, kisha ukasahau njia kabisa. Hakuna aliyewaambia wanaume wasije kazini, kwa hiyo mume wangu aliendelea kupiga pasi nguo zake za buluu, kwenda Panda, kukaa kando ya jiliwa lake na kurudi saa sita. Baadaye akaacha kwenda. Mimi nilikuwa nimeshaanza kununua samaki Kapolowe na kuwauza mjini, nikipanda magari ya watu.

Njaa sikuiogopa sana, nilijua namna ya kuipiga chenga. Nilichoogopa ni mikono yake. Alikaa mlangoni ameiweka juu ya magoti, kama vitu alivyoachiwa na mtu avitunze. Mtaani kwetu nilikuwa nimewaona wanaume wawili watatu waliokaa hivyo, na baada ya mwaka hawakuweza tena hata kushona kiatu. Sikutaka wangu awe kama wao. Nilimpenda, na nilimpenda hasa akiwa na kitu mikononi.

Ndiyo maana nilifurahi tulipopata kamioneti, gari dogo la mizigo. Mwalimu mmoja wa Mulungwishi alikuwa anahama, akatuachia gari lake la petroli kwa magunia ya mahindi na baiskeli, kwa sababu halikuwa likitembea. Kabureta yake, ile inayochanganya petroli, esansi kwetu, na hewa, ilikuwa imekwisha. Kaka yangu mkubwa, yaya kama tunavyosema kwetu, ambaye alikuwa akiuza vipuri Lubumbashi, alitupa kabureta ya gari jingine kubwa zaidi. Shida ikawa pa kuiketisha. Kabureta hukaa juu ya bomba la aluminiamu ambalo mafundi wetu huliita kolekteri: lina mdomo mmoja juu na njia nne chini, kila njia inapeleka mchanganyiko ule kwenye silinda yake. Mdomo wa kolekteri yetu ulikuwa mdogo, na kabureta ya kaka yangu ilikuwa na kitako kipana.

Kaka yangu alisema jambo ni rahisi. Kolekteri mpya, zilizotengenezwa na watu wengine kwa ajili ya kabureta kama hiyo, zilikuwa zinatoka Zambia. Unanunua, unafunga bolti, unaondoka.

Mume wangu alimsikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Shemeji, ile ni ya kununua. Na hii mikono ni ya nini? Juu ya nini tununue kitu yenye minye naweza kufanya?"

Jibu hilo lilinipendeza mno. Hata hivyo, mimi nilikuwa na samaki wa kusafirisha na roho ya haraka, na safari iliyofuata ya Lubumbashi nikanunua ile mpya kwa kaka yangu, kwa siri. Niliifunga kwenye nailoni nikaizika ndani ya gunia la unga. Nilijiambia ni akiba tu. Najua sasa kwamba ilikuwa kutomwamini, nami nimeona haya kwa ajili hiyo miaka yote.

Yeye alifanya kazi majuma matatu chini ya ubaraza. Alikata mdomo wa kolekteri ya zamani, akachonga bamba nene la kupokea kabureta, na rafiki yake mchomeleaji akaliunganisha kwa gesi ya mwisho aliyokuwa nayo. Akapanua zile njia nne kwa tupa za duara, ili moteri, injini ya gari, ipate pumzi zaidi. Hapo angeweza kuacha. Lakini akazungusha msasa kwenye ufito, kwanza ule mkali, kisha mwembamba, kisha ule ambao ukiugusa huamini kwamba ni msasa, na mwisho akamalizia kwa majivu na mafuta ya mawese. Alifunga kitambaa changu kwenye waya akakivuta katika kila njia. Kilipita bila hata kunong'ona. Aliwaita majirani waje wachungulie, na kweli ndani uliweza kuona jicho lako mwenyewe.

Majuma hayo matatu nilikuwa na mume tena. Aliimba puani. Alikula vizuri, akarudia kulalamika kwamba samaki wangu wana chumvi nyingi, nami nikamjibu kwamba atakayewapunguzia chumvi ni yeye na ulimi wake. Siku ya kuwasha, saa sita mchana, moteri iliitika mara ya kwanza. Tulipanda mlima wa njia ya Kapolowe na magunia nyuma, na gari lilivuta kama halijui kwamba kuna mlima. Nilipiga vigelegele peke yangu ndani ya gari.

Kisha ukaingia mwezi wa sita, na baridi yetu ya Katanga. Anayetaka samaki wazuri Kapolowe lazima atoke alfajiri. Alfajiri ya kwanza ya baridi moteri ilikohoa, ikatema, ikanyamaza. Mume wangu alitoa plagi, zilikuwa zimelowa petroli. Akazikausha juu ya mbabula, ambamo nilikuwa nimeshawasha makaa ya chai, akazirudisha, zikalowa tena. Jua lilipofika uani gari likawaka kana kwamba halikufanya kosa lolote, lakini samaki walikuwa wameshakwenda na wanawake wengine.

Ikawa hivyo siku ya pili, na ya tatu, na ya nne. Alifungua kabureta, akasafisha nyaya, akaazima betri. Kitu kimoja tu hakukigusa, kolekteri, kwa sababu haikuwa na kasoro. Majirani waliacha kutania, na kimya chao kiliuma kuliko mzaha. Siku ya tano hakutoka kitandani mpaka jua lilipochomoza, na alipotoka alikaa mlangoni, mikono juu ya magoti.

Niliposimama jikoni nikamwona hivyo, nilijua kuna mambo mawili tu: ninyamaze, au nimwoneshe kilichomo kwenye unga na pengine nimmalize kabisa. Niliogopa kweli. Niliingiza mkono kwenye gunia, nikaitoa ile mpya, nikaipangusa kwa kitenge na kuiweka miguuni pake.

"Ni minye nilinunua," nikasema. "Usikasirikie yaya, yeye aliniuzia tu."

"Tangu siku gani?"

"Tangu mbele ya weye kumaliza yako."

Aliichukua, akaenda nayo kwenye gari, akatoa yake, akaifunga mpya. Ubaridi ulikuwa bado haujatoka uani, na moteri ilikuwa haijaguswa tangu jana. Iliwaka mara ya pili tu. Ungedhani ningefurahi, lakini nilisikia moyo wangu unashuka. Aliiacha ingurume kidogo, akaizima, na kabla haijapoa vizuri akaifungua tena ile kolekteri kwa kitambaa cha kushikia sufuria.

"Lete kile kitambaa chako," akasema.

Nilimletea. Alikiingiza kwenye njia ya kwanza ya ile kolekteri mpya, na hakikwenda hata nusu. Kilinasa. Akajaribu ya pili, kikanasa.

"Habakumaliza," akasema kwa mshangao. "Angalia, mama. Bantu ba mashini, na habakumaliza kazi."

Alikaa nayo mapajani, akiingiza kidole gumba katika njia moja na kukitoa, kisha katika nyingine. Mimi nilichambua maharage na kujifanya sitazami. Mwishowe alisema polepole, kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa vibaya.

"Beko na mashini ya kila namna. Kama banaacha ndani mukali, ni kusudi. Ukali njo unachanganya esansi na hewa. Mu yangu kunateleza. Asubuhi, ndani ni baridi, esansi inashika pa ukuta, inashuka kama maji. Moteri inakunywa, haipumue."

"Sasa tubakie na ile mupya?" niliuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Hapana. Ile njia zake ziko ndogo, pa mulima na mizigo itachoka. Yangu iko na nguvu. Ni ngozi yake ya ndani tu njo mubaya."

Aliifunga yake kwenye jiliwa dogo la nyumbani, akachukua msasa mkali kuliko yote, akauzungusha kwenye ufito, akauingiza kwenye njia ya kwanza. Nilingoja kusikia mkwaruzo. Sikusikia kitu. Nilipoinua macho, mkono wake ulikuwa umesimama palepale. Alijaribu tena, ukasimama tena. Akaweka ufito chini.

"Mama ya batoto, kuya hapa."

Nikaenda.

"Fanya weye. Minye mikono inakataa."

Katika maisha yetu yote hakuwahi kuniomba nishike kazi yake. Nilishika ufito. Yeye alikaa kwenye kigoda, amenipa mgongo, anatazama barabara. Nilipokwaruza mara ya kwanza mabega yake yalipanda, na mimi nikaanza kulia bila kutoa sauti, maana nilikuwa naharibu majuma matatu ya furaha yake, nami nilikuwa nimeyaona yote. Aliniongoza kwa kusikiliza tu, bila kugeuka. "Polepole. Usikaze. Geuza sasa, fasi ya chini. Inatosha, enda pa ingine." Nilimaliza njia zote nne. Vumbi la aluminiamu lilikuwa limenishika mpaka kwenye machozi.

Ndipo akasimama. Alifunga kitambaa kwenye waya, akakivuta. Kilinasa. Akavuta kwa nguvu kidogo, na uzi mrefu ukatoka pembeni, na njia tatu zilizobaki kila moja ikatoa wake. Aliutazama uzi wa mwisho, kisha akanitazama mimi usoni, na vumbi langu.

"Bon," akasema. "Sasa imeisha."

Alfajiri iliyofuata ilikuwa ya baridi kuliko zote, nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Moteri ilikohoa mara moja ikawaka. Tulishuka Kapolowe tukiwa wa kwanza. Siku chache baadaye nilienda Lubumbashi na ile kolekteri mpya kwenye kikapu changu, kumrudishia kaka yangu, pamoja na salamu nilizopewa: asante, hii njo yenye imenifundisha.

Jumapili nilivaa kile kitambaa kwenda misa. Kilikuwa na nyuzi nne zinazoning'inia, moja kwa kila njia. Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu aliona hazipendezi, akanyoosha mkono anisaidie kuzikata. Niliushika mkono wake kabla haujafika.