Jina Lililomlisha Chatu

Nilipokuwa mtoto, kwetu kando ya ziwa, nje kidogo ya Kisumu, tulifuga chatu aliyekataa kula. Msinicheke. Hatukumtafuta. Alikuja ndani ya mtumbwi wa baba. Mtumbwi ulirudi ukisukumwa na magugu maji, baba hayumo, na kwenye wavu amejisokota chatu mchanga, mwembamba kama kamba ya kufungia ndama.

Wanaume walitaka kumponda kwa kasia. Dani, nyanya yangu aliyemzaa baba, akawazuia. "Huyo ni mgeni. Atalala kwangu." Akamtia kwenye kikapu cha samaki, akakifunika.

Mama hakutaka hata kumtazama. Kwake baba alikuwa hai: labda upepo ulimtupa Port Victoria, labda wavuvi wa Uganda walimwokota. Kila jioni alimpakulia ugali wake, akaufunika kwa sahani ya pili, na asubuhi tukaula ukiwa mgumu. Wazee walishauri tuzike yago, lile tunda refu ambalo kwetu hulazwa kaburini mwili usipopatikana. Mama aliwafukuza. "Kazikeni kwenu!"

Mimi nilikuwa na hesabu yangu ya kitoto: chatu akila, baba atarudi. Sikumwambia mtu. Nilimpelekea omena, dagaa wa ziwani kwetu, kwani mtu wa ziwani atampa mgeni nini kingine? Akageuza kichwa. Nikampa maziwa, nikampa yai. Wapi! Ngozi ilianza kumlegea, na kila nilipofunua kikapu alinikodolea macho yasiyopepesa. Niliyaogopa macho yale kuliko fisi, na bado nilirudi kumchungulia.

Mchana mmoja wa mvua, Dani alivuta kikapu karibu na moto, akatia kifaranga ndani, akakifunika kwa koti la baba.

"Hana jina, ndiyo maana hali," akasema.

Kwetu mtoto mchanga akilia bila kukoma, huitiwa majina ya waliokufa. Jina linalomnyamazisha ndilo lake. Hata mimi nilipata jina langu, Atieno, kwa njia hiyo. Dani akaanza kuita polepole: babu, ndugu za babu, shangazi mmoja mmoja. Kikapu kimya. Mama alikuwa mlangoni akichambua mboga, ametupa mgongo. Dani akamtazama, kisha akaita jina moja zaidi.

"Ouko."

Mama akageuka. "Usithubutu! Hilo ni jina la mtu aliye hai!"

Kifaranga kikalia mara moja tu. Dani akainua koti, na chatu alikuwa amekibana, anameza.

"Amekula!" Nilirukaruka kama mwehu. "Baba anarudi! Yaye, baba anarudi!"

Dani alikuwa ameziba mdomo kwa leso. Mama akaketi chini palepale, mboga zikamwagika. Jioni ile aliosha sahani ya baba, akaiweka juu ya kabati, akalala fofofo kwa mara ya kwanza tangu mtumbwi urudi. Siku chache baadaye tulizika yago. Dani akamrudisha chatu kwenye mafunjo.

Sasa naishi mtaa wa Migosi, mjini Kisumu. Juzi mwanangu, ambaye amenisumbua eti anataka kufuga nyoka, alinionyesha kwenye simu jinsi ya kumwanzisha chatu mchanga kula: mpe joto, mfunike kuwe na giza, usimchungulie kila saa.

Lo! Moto na koti, basi. Nilicheka, kisha nikalia mbele ya mtoto.

Nilitaka kumpigia mama simu nimwambie. Nikaacha. Yeye alimzika mume wake, akalala. Jina lile lilimfungua, iwe ndilo lililomlisha chatu au ni moto tu. Mimi ndiye niliyeambiwa na chatu yuleyule kwamba baba anarudi, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nilisikia vibaya. Hata leo, ugali ukibaki sufuriani, mkono wangu wenyewe hutafuta sahani ya kuufunikia.