Viatu vya Mashine ya Theluji

Kwetu Tanga fundi hasemi "sijui". Anasema "niachie, njoo kesho," halafu anaumiza kichwa mteja akishaondoka. Tabia hiyo nilikuja nayo Johannesburg, na katika karakana yangu ya kuchomelea, Rosettenville, imenilisha miaka mingi. Ndiyo maana nilijiona mjanja siku Mrundi mmoja, mtunza mazingira wa hoteli huko milimani Lesotho, aliponishushia mashine ya kuzoa theluji.

Viatu vyake vilikuwa vimelika. Ni vyuma viwili pembeni mwa mdomo wa mashine. Vinateleza chini na kuuinua mdomo usigonge mawe. Njia ya kuingilia hotelini kwao imepangwa mawe, alisema, hakuna lililo sawa na mwenzake, na viatu vya dukani haviiwezi.

"Kaka, theluji unaijua?"

"Naijua sana," nikamjibu. Nilikuwa nimeiona kwenye simu tu.

Basi nikatengeneza kwa kupima kwenye sakafu yangu ya saruji. Chuma kinene, kirefu, ncha zimenyooka kama rula. Nikavipiga picha, nikawatumia jamaa zangu wa mtaa wa Berea, hapa hapa Johannesburg, wakanisifu, nami nikavimba kichwa.

Baada ya wiki tatu alirudi na viatu vile, mkono wa kulia umefungwa plasta. Ncha ya kiatu ilinasa katikati ya mawe mawili, mashine ikasimama ghafla, mpini ukamvunja kifundo cha mkono. Nikavitazama vile viatu na kosa nikaliona papo hapo: ncha zilitakiwa zikunjwe juu, mbele na nyuma, zipande mawe. Ningemuuliza mawe yao yamejitokeza kiasi gani, ningejua. Sikuuliza, kwa sababu nilishasema najua.

"Eish, kaka," akasema. "Labda ni mimi nilivifunga vibaya?"

Nilitakiwa kusema hapana, neno moja tu. Nikasema, "Inawezekana. Siku nyingine nenda polepole."

Naona aibu mpaka leo, na aibu zaidi kwa kilichofuata. Nilizikunja zile ncha mbele yake, nikamwambia namrekebishia ili hata asiye mzoefu aweze kuiendesha. Akanishukuru. Akaniomba radhi kwa kuniharibia kazi. Wakati wa kuagana akaniomba radhi tena, kwa kunipa mkono wa kushoto.

Nikaupokea.